Jiwe lenye sura ya gogo, futi 71 chini ya ardhi: ni mti uliogeuka jiwe?

shamba_kakuyuni

Assalam aleikum wanajukwaa. Kuna kisima kinachimbwa shambani, baina ya Kakuyuni na Mto Sabaki, na chini kabisa yametoka mawe matatu yenye sura ya mbao. Nauliza yatambuliwe vipi kwa uhakika, maana kila anayeyaona ana jina lake. Mmoja asema ni mti wa kale, mwingine asema ni tumbawe, wa tatu asema ni mwamba tu wenye mistari.

Kisima kimepita hivi, kwa kipimo cha futi kutoka usawa wa ardhi. Kutoka juu hadi 9 ni udongo mwekundu wa kulimia. Kutoka 9 hadi 40 ni mchanga mwekundu ulioshikana, unaokatika kwa jembe. Kutoka 40 hadi 62 ni mchanga wa manjano wenye mikanda ya udongo wa mfinyanzi wa kijivu. Kutoka 62 kwenda chini ni kokoto za mviringo, nyingine kubwa kama embe, zimechanganyika na mchanga mnene. Mawe yalikuwa ndani ya hizo kokoto, futi 71, na maji yalianza kuchuruzika hapo hapo.

Kubwa ni duara kama kipande cha boriti nene: upana sm 20, urefu sm 33, na mizani ya dukani ilisoma kilo 27. La pili ni dogo, sm 16 kwa 8 kwa 6. La tatu ni kigae tu cha kutoshea kiganjani. Kwa nje ni kahawia na wekundu, ndani palipovunjika ni rangi ya asali iliyochanganyika na kijivu. Ubavuni yana mistari iliyonyooka kama mbao iliyopigwa randa. Kipande kingine bado kimechomoza ukutani mwa kisima na mafundi wanataka kukifuata.

Maswali: nifanye majaribio gani hapa hapa nyumbani? Umri wake unajulikanaje? Na nikishajua, nayapeleka wapi?

---

kokoto_za_sabaki

Waleikum salaam ndugu. Umeandika vizuri. Huo mpangilio wa tabaka kwa futi una thamani sawa na mawe yenyewe, uandike kwenye daftari kabla haujasahaulika.

Kwanza jambo moja ambalo likikaa sawa mengine yote yanafuata. Usihukumu kwa ubavu wa jiwe, hukumu kwa kichwa chake, yaani pale gogo linapokatwa kwa msumeno. Mistari ya ubavuni inadanganya. Mwamba mchanga wenye tabaka una mistari hiyo, mawe ya bara yenye mikanda myeusi na myeupe yanayo, hata jiwe la chokaa lenye nyuzinyuzi linayo. Ila hakuna mwamba wa kawaida ambao kichwa chake kina seli. Mti unazo, hata ukigeuka jiwe.

Kichwani utafute hivi. Osha sehemu iliyovunjika kwa maji na mswaki laini, iache ikiwa mbichi, maana jiwe lililolowa huonyesha mara mbili ya jiwe kavu. Simama juani, mwanga uje kwa pembeni. Chukua lenzi ya sonara ya kukuza mara 10, isogeze karibu na jicho, kisha lete jiwe hadi lionekane wazi. Tazama kama kuna:

- vitundu vidogo vilivyopangika kwa safu, kama nyuzi za kitambaa cha marekani ukikitazama kwa karibu;
- vitundu vikubwa vilivyotawanyika kati ya vidogo, hivi vyaweza kuonekana hata kwa macho matupu;
- mistari myembamba inayotoka kiini kwenda ganda kama spoku za baiskeli, hiyo ndiyo miale ya mti;
- pete, ingawa zisipokuwepo usikate tamaa: miti ya nchi za joto isiyo na majira makali mara nyingi haina pete zinazosomeka.

Ukiona safu za vitundu na miale ikipita kati yake, mjadala umekwisha, ni mti. Usipoona kitu, bado si ushahidi kwamba si mti, kwa sababu silika (madini ya jamii ya kwatzi, ambayo huujaza mti na kuugeuza jiwe) ikijiunda upya kwa fuwele kubwa hufuta seli. Hapo ndipo majaribio mengine yanasaidia.

Ugumu. Mti uliojaa silika huwa kalsidoni (kwatzi ya chembe ndogo mno) au kwatzi, ugumu wa 7 hivi kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini cha 1 hadi 10. Kioo cha chupa ni kama 5.5, kisu cha chuma kinakaribia hapo. Kwa hiyo jiwe litachora kioo kwa urahisi na kisu hakitalichora. Watu hukosea hapa kwa njia mbili. Ya kwanza, msumari unaacha mstari wa kijivu juu ya jiwe, mtu anadhani jiwe limechorwa, kumbe ni chuma kilichobaki. Sugua kwa kidole kilicholowa. Mstari ukifutika, jiwe ndilo gumu. Ya pili, ganda la nje la jiwe lina chembe za mchanga zilizoshika, na mchanga ni kwatzi, utachora kioo hata kama jiwe lenyewe ni chokaa. Tumia sehemu iliyovunjika upya, si ganda.

Asidi. Tone la ndimu au siki juu ya unga uliokwaruzwa ndani. Chokaa itatoa povu, silika haitatoa. Hapa pia ganda linadanganya: maji ya ardhi ya pwani yana chokaa nyingi na huacha utando mweupe juu ya kila kitu, basi povu la nje halina maana. Na miti mingine iligeuzwa kwa kalsaiti, yaani madini ya chokaa, badala ya silika. Hiyo itatoa povu ndani na nje, kisu kitaichora, na bado ni mti halali ikiwa kichwani kuna seli. Msitumie asidi ya kusafishia choo wala ya betri. Inaondoa kitu kisichorudi na mvuke wake unaunguza mapafu.

Uzito kwa ujazo. Hili ndilo jaribio bora la nyumbani na vifaa vyake viko kila duka. Pima jiwe dogo likiwa kavu, andika gramu. Weka ndoo yenye maji juu ya mizani ya dijitali, irudishe kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi, lizamishe lote ndani ya maji bila kugusa chini wala ubavu wa ndoo. Gramu zinazoongezeka kwenye mizani ndizo mililita za ujazo wa jiwe. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Silika ya kalsidoni inakuja kati ya 2.55 na 2.65. Opali, yaani silika iliyoshika maji, ni nyepesi, 1.9 hadi 2.3. Kalsaiti safi ni 2.7. Jiwe la chuma kutu huvuka 3. Tumbawe lenye vitundu huwa chini zaidi kwa sababu ya hewa iliyomo. Kinachoharibu hesabu ni viputo vya hewa, kwa hiyo tikisa jiwe ndani ya maji kabla ya kusoma, na kama linanyonya maji liache lilale usiku kucha ndani ya maji kwanza kabla ya hatua ya uzi. Tahadhari: mwamba mchanga ulioshikana sana nao waweza kusoma 2.5. Uzito peke yake hauthibitishi mti. Unafuta wasiostahili.

Hesabu ya haraka ya jiwe lako kubwa: nguzo ya upana sm 20 na urefu sm 33 ina ujazo wa lita 10.4 hivi. Kilo 27 gawanya kwa 10.4 ni 2.6. Namba inapendeza, lakini rudia kwa lile dogo kwa njia ya ndoo, maana gogo haliwi duara kamili.

Sasa wale wanaofanana nalo huku kwetu, mmoja mmoja.

Tumbawe: kichwani lina nyota, yaani vijumba vyenye kuta zinazokutana katikati, na hutoa povu. Aliyewahi kutazama jiwe la ukuta wa nyumba ya kale hawezi kulikosea.

Mizizi ya chokaa: hii ndiyo inayowapotosha wengi pwani. Mzizi ukipita kwenye mchanga wa tuta, chokaa hujikusanya kuuzunguka, mzizi unaoza, unabaki mrija mgumu wenye matawi. Ina sura kamili ya mti, lakini kichwani utaona chembe za mchanga zilizogandishwa na katikati tundu au mchanga uliojaa. Seli hakuna. Povu lipo. Na ni nadra kunenepa kufikia sm 20.

Pete za kutu: mwamba mchanga uliopitiwa na maji yenye chuma huacha pete za kahawia, nzuri kuliko za mti wenyewe. Ukitazama kwa lenzi, mstari wa kutu unapita juu ya chembe za mchanga bila kujali mpaka wa chembe. Kwenye mti mstari hufuata seli.

Fanya hayo yote, rudi na majibu, hasa ya kichwa. Na tazama kitu kimoja ambacho hukukisema: kona za mawe zimekaa kali au zimelainika kama kokoto? Pia okota kokoto ishirini hivi zilizokuwa jirani ya jiwe, uzioshe, utuambie ni za aina gani.

---

fundi_wa_kalvati

Bwana shamba, hayo ya lenzi yatafuata. Naanza na kipande kilichochomoza ukutani. Waambie mafundi wasikifuate. Katu.

Futi 71, kokoto zisizoshikana, maji yanachuruzika: ukichimba kuingia ubavuni hata kwa futi moja umeondoa kinachoshikilia mchanga wa juu. Ukuta wa kokoto hauonyi. Mchanga mwekundu wa juu waweza kusimama wima miaka kwa sababu una udongo wa kuushika, lakini kokoto zilizolowa zinamiminika kama mahindi kutoka guniani.

Kama mnashusha kalvati, zile pete za zege za kisima, na jiwe limekaa chini ya ukingo wa kalvati upande mmoja, msiendelee kuchimba pande nyingine. Pete itainama na ikiinama haiinuki tena. Jazeni viroba vya mchanga chini ya ukingo pande tatu ili pete isishuke, kisha kateni kwa patasi na nyundo ile sehemu ya jiwe iliyo chini ya ukingo tu, usawa na ngozi ya nje ya pete. Sehemu iliyobaki ukutani ibaki huko. Ikiwa hamjaweka kalvati hata moja kwa kina hicho, simamisheni kazi leo.

Kupandisha jiwe la kilo 27: si kwa ndoo. Mpini wa ndoo unang'oka. Kamba izunguke sehemu mbili, theluthi ya kila upande, na fundo la kujikaza, halafu aliye chini apande kwanza. Asibaki mtu chini jiwe likiwa njiani.

Na hewa. Taa ya kandili ikizimika chini, hakuna kushuka. Lakini ikiwaka haimaanishi hewa ni salama, kwa sababu moto unaendelea kuwaka kwenye hewa iliyokwisha pungua na gesi ya sumu ya injini haizimi moto kabisa. Pampu ya petroli isishushwe kisimani hata kwa dakika tano; ikae juu, mbali na mdomo, upande ambao upepo unaondoka. Mmoja akianguka chini, wa pili asimfuate bila kamba kiunoni na watu juu.

Kuhusu maji yenyewe, mti wa silika hauna ubaya, hauyeyuki. Kama ndani ya jiwe kuna madoa ya dhahabu yanayong'aa na harufu ya kiberiti ukiligonga, hiyo ni piraiti. Ikikutana na hewa hutoa tindikali na maji yanakuwa ya kutu. Hapo pima maji kabla ya kunywa.

---

mwana_amu

Salaam kutoka Lamu. Naongeza upande mmoja ambao utawafaa walio kwenye matope kuliko walio kwenye kokoto, kwa kuwa watu wengi watakuja kusoma uzi huu wakiwa na mbao nyeusi mkononi wakidhani ni mti-jiwe.

Huku visiwani ukichimba karibu na mikoko, mara nyingi unakuta magogo meusi ndani ya tope la kijivu, mazito, yanazama majini. Kuzama si dalili ya kugeuka jiwe. Mbao za mkoko na mkandaa ni nzito tangu zikiwa hai, na mbao yoyote iliyonyonya maji kwa karne nyingi itazama. Jaribio lake ni sindano ya kushonea: ipashe moto hadi iwe nyekundu, igusishe pembeni. Mbao ambayo bado ni mbao itatoa moshi na harufu ya kuni. Jiwe halitatoa kitu. Au bonyeza kwa ukucha tu, mbao ya matopeni hubonyea.

Kwa uzito wa ndoo, mbao hiyo itasoma 1.0 na kidogo. Tofauti na 2.6 ni kubwa mno, haiwezekani kuchanganya.

Magogo hayo nayo yana thamani, tena ya aina yake. Miaka 20,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa chini kwa kama mita 120 kuliko sasa, kisha ikapanda, na mikoko ikawa inarudi nyuma ikifunikwa na tope. Mbao iliyobaki na kaboni yake inaweza kupimwa umri kwa kaboni ya miale (kaboni-14), ambayo nusu yake huisha kila miaka 5,730 na kipimo chake kinafikia kama miaka 50,000. Mti wa silika haupimiki hivyo. Kaboni yake karibu yote imetoka na umri wake umepita mbali huo mpaka. Kwa hiyo yeyote anayekuahidi kupima jiwe kwa kaboni hajui anachosema.

Ila mbao ya matopeni ukiiacha ikauke imekwisha. Maji ndiyo yanayoshikilia kuta za seli. Yakitoka haraka mbao inasinyaa na kupasuka kama ndizi iliyoanikwa, na haitasomeka tena. Iweke kwenye ndoo ya maji matamu, funika isipate jua, badilisha maji kila wiki hadi chumvi itoke. Kipande cha kupimwa kaboni kifungwe kwenye karatasi ya foili safi, kisiguswe na mafuta, rangi wala gundi.

Kuna alama moja zaidi ya kutazama, kwenye mbao na kwenye mti-jiwe pia. Matundu ya mviringo, unene wa kidole au chini yake, yanayopinda bila kugongana, na ndani yake kuna ganda jembamba la chokaa. Huyo ni yule mdudu wa baharini anayetoboa majahazi, ambaye kwa kweli ni jamaa ya chaza, si mdudu. Ukimkuta ndani ya mti-jiwe, gogo hilo lilielea baharini kabla ya kuzikwa. Matundu ya mchwa na bungo hayana ganda la chokaa.

Na msisahau mchu, ambao ni aina ya mkoko. Mbao ya mchu ina mikanda mizunguko inayofanana na pete, lakini si pete za mwaka. Mti huo hujenga tabaka kadhaa za ukuaji kwa namna yake. Kuhesabu mikanda ya mchu na kusema mti uliishi miaka hiyo ni kosa.

---

shamba_kakuyuni

Shukran sana. Kazi ya kisima imesimama, kalvati zinashushwa kwanza. Kipande cha ukutani kimeachwa.

Majibu ya lile jiwe dogo:

Uzito mkavu gramu 1,840. Ndoo iliongezeka gramu 710. Yaani 2.59. Limelala majini usiku kucha na uzito wake haukubadilika kwa gramu moja, kwa hiyo halinyonyi.

Linachora chupa upesi. Msumari uliacha mstari ukafutika kwa kidole. Ndimu ndani hakuna povu, nje povu dogo kwenye utando mweupe.

Kichwani: safu za vitundu vidogo sana, zimenyooka kama nguo iliyofumwa, zinatoka katikati kwenda nje. Miale myembamba ipo kati ya safu. Vitundu vikubwa sikuona hata kimoja, na nimetazama vipande vyote vitatu. Kuna pete hafifu, umbali wa milimita 2 hadi 4, kila moja ina mstari mweusi upande mmoja ambapo vitundu vinabanana.

Kona zote zimelainika, hata za lile kubwa. Kokoto 20: kumi na moja ni nyeupe za kwatzi, tano zina mikanda myeusi na myeupe, mbili ni mwamba mchanga wa kahawia, na mbili ni nyeusi nzito zenye chembe ndogo nyeupe ndani, hazina mikanda.

---

kokoto_za_sabaki

Ndugu, hongera, ni mti uliogeuka jiwe bila shaka. Safu, miale, pete zenye upande mmoja uliobanana, 2.59, hakuna povu ndani. Hakuna mwamba unaokusanya hayo yote kwa bahati.

Tena umesema jambo kubwa kuliko ulivyodhani: hakuna vitundu vikubwa. Miti yenye maua, yaani mwembe, mbambakofi, mkoko na karibu kila mbao unayoiona kwa seremala, ina mishipa mipana ya maji ambayo kichwani huonekana kama vitundu. Miti ya koni ya jamii ya misunobari haina mishipa hiyo, seli zake ni ndogo na karibu sawa zote, ndiyo ule ufumaji uliouona. (Mtu asilinganishe na mvinje wa ufukweni. Una sura ya msunobari lakini ni mti wa maua, na mbao yake ina vitundu.) Kama ingekuwa jamii ya mnazi ungeona madoa yaliyotawanyika bila safu wala pete, yamesongamana karibu na ganda na kupungua katikati, sawasawa na kichwa cha shina la mnazi lililoangushwa jana.

Hili linapunguza maswali ya umri. Miti ya maua na minazi haikuwako kabla ya kipindi cha Kretasia, kilichoanza miaka milioni 145 hivi iliyopita, kwa hiyo vitundu vikubwa au madoa ya mnazi yangekufungia kwenye upande wa karibu. Mbao ya aina yako ilikuwako muda mrefu kabla ya hapo.

Ilitoka wapi? Kona zilizolainika zinajibu nusu. Jiwe gumu la ugumu wa 7 halilainiki kwa kukaa, hulainika kwa kugongwa na mawe mengine mtoni. Kwa hiyo mti huu haukuota Kakuyuni wala haukugeukia jiwe pale. Ulifika ukiwa jiwe tayari, ukiviringishwa pamoja na kokoto.

Kokoto zako zinajibu nusu ya pili. Mikanda myeusi na myeupe ni mwamba wa kale wa bara. Mwamba mchanga wa kahawia unafanana na ule wa ukanda wa Duruma, unaopita nyuma ya pwani na ambao Galana inaukata kabla haijaitwa Sabaki. Zile mbili nyeusi, kama kweli ni lava, zinaelekeza Uwanda wa Yatta, ambao lava yake ilitiririka miaka milioni 13 hivi iliyopita na umelala kando ya mto huo huo. Basi hiyo ni kokoto ya mto wa kale, na mto wenyewe tunaujua.

Sehemu ya juu ya miamba ya Duruma, ile ya Mazeras, inajulikana kwa vipande vya miti ya jamii ya koni iliyogeuka silika. Mchanga wake uliwekwa kwenye kipindi cha Triasiki, mwisho mwisho, kama miaka milioni 200 iliyopita. Mimi naegemea huko. Ushahidi wa mwisho ni kipande chembamba kilichosagwa hadi mwanga upite, chini ya hadubini, ambapo mpangilio wa vishimo kwenye kuta za seli hutaja jamii. Hiyo si kazi ya nyumbani.

Angalia mtego ulio hapo. Tabaka la kokoto lenye lava ya Yatta haliwezi kuwa la kale kuliko lava yenyewe. Basi tabaka ni changa kuliko miaka milioni 13, na mti uliomo ndani yake waweza kuwa wa milioni 200. Kanuni ya kusema umri wa kitu ni umri wa tabaka lake inavunjika pale kitu kinapokuwa kimehama. Ndiyo maana niliuliza kona kabla ya kutaja umri wowote. Lingekuwa na kona kali, ganda lake lipo na mizizi imesimama ndani ya udongo wa mfinyanzi, tungezungumza lugha nyingine kabisa.

Sasa utunzaji. Usilikate kwa grainda. Vumbi la silika linaumiza mapafu kwa namna isiyopona, na ukilikata umekata ile sehemu mtaalamu angeitaka. Usipake vanishi wala mafuta ili ling'ae; maji yanatosha kwa kutazama. Andika namba ndogo juu ya kila kipande kwa wino usiofutika, upande usio na seli nzuri. Fungia mfuko wa gramu 200 za mchanga uliokuwa umelizunguka, na ule wa kokoto 20, kila mfuko na karatasi yake ndani: kina kwa futi, tarehe, na mahali kwa namba za GPS za simu. Piga picha jiwe likiwa na rula kando, pande tatu na kichwa.

Kisheria, Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Kilichozikwa ardhini cha namna hii ni mali ya taifa, hata kikiwa chini ya shamba lako, na aliyekiona anatakiwa kutoa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba, akitaja mahali hasa na kilivyopatikana. Kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Kwa hiyo wakija wanunuzi, jibu ni hapana. Makumbusho iko hapo Malindi mjini, huna haja ya kupanda basi la Nairobi. Peleka kwanza lile dogo, picha za kubwa na ukurasa wa daftari wenye tabaka. Kubwa libaki shambani kivulini hadi waseme.

---

shamba_kakuyuni

Nimeelewa mwalimu. Siku ya nne leo tangu yatoke, kesho asubuhi naenda. Swali la mwisho: kalvati zikifika futi 71 na kikatoka kingine, nifanye nini tofauti?

---

kokoto_za_sabaki

Kabla hakijatingishwa, aliye chini apime kina chake kwa utepe kutoka mdomo wa kisima, si kutoka ukingo wa kalvati, maana kalvati inashuka. Apige picha kwa simu. Aweke alama ya chaki upande ulioangalia juu na mshale wa upande ulioelekea mtoni. Vipande virefu mtoni hujipanga kwa nguvu ya mkondo, ama kuufuata ama kuukingama, na ukiwa na vipande kadhaa vyenye mshale, mtaalamu aweza kukisia mto huo wa kale ulikuwa unakwenda wapi.

fundi_wa_kalvati

Chaki haishiki kwenye maji. Mpeni kipande cha waya mwekundu akifunge upande wa juu.

kokoto_za_sabaki

Kweli kabisa. Waya.